Dakika Kumi na Saba Ambazo Mfumo Haukuziandika

1

KUMBUKUMBU ZA MFUMO WA ITIKA
Kituo cha Afya Igululile. Chumba cha kujifungulia. Jumanne, 22 Julai.

Saa 4:05 asubuhi. Mtoto wa kike amezaliwa. Kilo 3.1. Analia.

Saa 4:07. Imeandikwa: mama anatokwa damu nyingi.




Saa 4:24. Kitufe cha ITA MSAADA kimebonyezwa.

Saa 5:10. Gari la wagonjwa limewasili.

Saa 5:12. Imeandikwa: mama amefariki.

Mtumiaji: Mgaya E., muuguzi mkunga.


2

Hiyo nafasi nyeupe hapo juu, kati ya 4:07 na 4:24, usiiruke. Ndiyo hadithi yenyewe, na mimi ndiye niliyeitengeneza.

Naitwa Namsifu Mkwizu. Mimi ni msanifu wa violesura. Yaani ukishika simu au kishikwambi, kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaamua kitufe kiwe wapi, kiwe na rangi gani, na ukikigusa kifanye nini. Kwenye mfumo wa Itika mtu huyo ni mimi. Mama yangu kule Same huwaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza kompyuta, nami nimemwacha aamini hivyo, maana kumweleza ni kazi nyingine.

Itika ni kishikwambi kilichofungwa ukutani kwenye chumba cha kujifungulia. Mgonjwa akizidiwa, mkunga anaita gari na damu kutoka hospitali ya mjini kwa kitufe kimoja. Kilipofungwa, simu ya zamani ya ukutani ilitolewa. Eti ilikuwa inachafua ukuta.


3

YAH: WITO WA KUFIKA MBELE YA KAMATI YA UCHUNGUZI

Ndugu Editha Mgaya,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Taarifa za mfumo zinaonesha kwamba baada ya kubaini kuwa mgonjwa Faraja Mbilinyi (24) anatokwa damu nyingi, ulikaa dakika kumi na saba (17) bila kuchukua hatua yoyote ya kuita msaada.

3. Unatakiwa kufika mbele ya kamati siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti, saa 3:00 asubuhi bila kukosa, na kueleza kwa nini leseni yako isifutwe na jalada lako lisipelekwe polisi.

4. Hadi hapo umesimamishwa kazi. Kabidhi sare na funguo za kabati la dawa.

5. Nakutakia kazi njema.

(Hiyo namba tano nadhani ilibaki kwenye barua ya mtu mwingine. Hakuna aliyeisoma mara mbili.)


4

Benchi la nje, kliniki ya watoto, Igululile. Wanawake wanasubiri kupima uzito.

— Si ndiye yule nesi mnene mnene?

— Ndiye. Wanasema alikuwa anachezea simu.

— Siyo simu, ile mashine ya ukutani.

— Ile ile. Siku hizi manesi ni kidole tu na kioo. Mwenzako anakata roho, yeye yuko na kioo.

— Mama mkwe wake Faraja alikuwa nje ya mlango. Alimsikia akifoka, "Shika! Shika basi!" Akajua anamgombeza mkwewe. Angeingia, ila pale mlangoni si wameandika ndugu hawaruhusiwi?

— Miaka yote hiyo, yule mama ndiye aliyenizalisha wote watatu.

— Na mimi.

— Ndiyo hivyo. Binadamu humjui.


5

Sasa nikueleze kuhusu duara.

Mfumo wa kwanza ulikuwa wa kugusa mara moja tu. Ikawa balaa. Mtu anafuta vumbi, gari linatoka. Mtu anaegemea ukuta, gari linatoka. Wiki moja magari yalitoka mara tisa bure, na mara ya tisa mgonjwa wa kweli, mzee wa upande wa pili wa wilaya, akakosa gari. Bosi wangu, Lutengano, akaniita: "Namsifu, tafuta dawa ya hili jambo."

Nikaitafuta wiki tatu. Nilichopata ni hiki: unabonyeza, unashikilia sekunde tatu. Duara la kijani linaanza kujaa kuzunguka kidole chako. Likikamilika kifaa kinatetemeka, msaada umeitwa. Ukitoa kidole kabla ya hapo, duara linarudi mwanzo na hakuna gari linalotoka.

Jamani, lilikuwa zuri lile duara. Sisemi kwa kujisifu, au basi, nasema kwa kujisifu. Nilipewa cheti cha ubunifu Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye baridi kuliko Njombe yenyewe, nikalitaja jina la mama yangu kwenye kipaza sauti.

Na kuna jambo jingine niliamua mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Mfumo uandike mibonyezo iliyokamilika tu. Ile ambayo haikukamilika ni takataka, nilisema, inajaza nafasi bure. Nilikumbuka sentensi hiyo siku nilipoletewa kumbukumbu za Igululile.


6

[Kipande hiki kimeondolewa na msanifu ili taarifa isomeke kwa urahisi.]


7

MAELEZO YA MTUHUMIWA, EDITHA MGAYA
(yameandikwa kwa mkono, yaliyo kwenye mabano ni ya katibu wa kamati, kwa kalamu nyekundu)

Nilikuwa peke yangu. Mwenzangu wa zamu alikuwa likizo, wengine walikuwa vijijini kwa chanjo. Daktari alikuwa mjini kwenye semina ya mfumo huu huu wa Itika.

Faraja alijifungua vizuri. Alicheka, akaniuliza kama mtoto ana nywele. Dakika mbili baadaye damu ikaja. Siyo damu ya kawaida. Nikagusa alama ya damu nyingi kwenye kioo, ikakubali. (Saa 4:07. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima.)

Sindano nilimpa. Haikusaidia. Nikavaa glavu ndefu juu ya zile za kwanza, nikafanya tulivyofundishwa: mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, unabana mji wa mimba katikati mpaka damu ipungue. Ukibana inapungua. Ukiachia inarudi.

Nikanyoosha mkono wa juu nikabonyeza ITA MSAADA. Duara likaanza kujaa. Likafika nusu. Likarudi mwanzo. (Mfumo hauoneshi.)

Nikarudisha mkono tumboni, nikabana, nikajaribu tena. Likafika robo, likarudi. Kidole kilikuwa kinateleza, kina damu. Nikafuta kwenye gauni. Nikabonyeza. (Mfumo hauoneshi.)

Nikawa nakiambia kile kioo, shika, shika basi. Nilipiga kelele. (Mfumo hauoneshi.)

Kila mara nilidhani hii ndiyo itakubali. Kila mara liliniahidi, lilianza kujaa. Lingekuwa halijai kabisa ningeliacha mapema. Nikafikiri kosa ni la kidole changu. Mimi ni mtu wa zamani, hivi vitu vya kisasa vijana ndio wanavijua.

Mwishoni niliona midomo yake imekuwa myeupe. Nikatoa mikono yote miwili. Nikavua glavu zote, nikajifuta shingoni palipokuwa pakavu, nikabonyeza kwa kidole kitupu. Duara likajaa mara moja. Kikatetemeka. (Saa 4:24. Sahihi.)

Nilipogeuka kitanda kilikuwa kinamwagika.

Simu yangu ilikuwa kabatini. Sisi haturuhusiwi simu chumba kile.


8

Wewe unayesoma. Ndiyo, wewe. Tufanye jaribio dogo, ndivyo tunavyofanya kazini kwetu.

Mkono mmoja umefungwa, huwezi kuutumia. Usiniulize umefungwa wapi, umeshaambiwa. Mwingine weka kidole juu ya neno hili, ushikilie sekunde tatu.

ITA

Moja.

Mbili.

Umeteleza. Anza upya.

ITA

Moja.

Umeteleza. Bana kwanza. Haya, anza upya.

ITA

Mo

Anza upya.

Kwa alama moja hadi tano, ambapo moja ni vigumu sana na tano ni rahisi sana, jaribio hili limekuwa


9

Siku mbili baada ya kupata maelezo ya Editha nilinunua glavu za mpira za kuzalishia duka la dawa. Nikapitia genge la Mama Huruma nikanunua lita moja ya juisi ya rosela, nikamwambia aiache nzito, asitie maji. Akaniuliza nina wageni. Nikasema ndiyo.

Ofisini nilivaa glavu mbili mbili, nikachovya mikono kwenye bakuli la rosela, nikasimama mbele ya kifaa cha majaribio.

Nilibonyeza mara arobaini. Duara lilikamilika mara tatu.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Zilionesha mibonyezo mitatu. Ile thelathini na saba haikuwapo popote duniani isipokuwa kwenye bega langu, ambalo lilikuwa linauma.

Lutengano aliingia akasimama mlangoni. Bakuli, meza, sakafu, shati langu, vyote vyekundu.

"Umemwaga rosela kwenye kifaa cha kampuni," alisema.

"Lutengano, yule mama alibonyeza."

Si mtu mbaya, Lutengano. Ningependa awe mtu mbaya, ingenirahisishia.

"Tuna vituo sitini na vinne vinavyofungiwa mfumo kuanzia mwezi ujao," alisema. "Mpaka leo kuna akina mama tisa ambao najua kwa majina, wako hai kwa sababu gari lilifika. Tisa, Namsifu. Ukisema kitufe hakifanyi kazi, watang'oa vyote, si kitufe tu. Na ile simu ya ukutani hawataigharamia tena."

"Tutarekebisha."

"Tunarekebisha kimya kimya. Wiki mbili, kila kifaa kinapata kitufe kipya. Hakuna mwingine atakayekufa."

"Na Editha?"

Alitazama sakafu.

"Kamati imetuomba barua ya kuthibitisha kwamba kifaa kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima, si ndiyo? Hatudanganyi. Uiandike wewe, wewe ndiye unayeujua mfumo."


10

RASIMU YA BARUA, JARIBIO LA KWANZA

Tunathibitisha kwamba kifaa kilichotajwa kilikuwa kikifanya kazi kama kilivyosanifiwa

RASIMU YA BARUA, JARIBIO LA PILI

Tunathibitisha kwamba kifaa kilichotajwa kilikuwa kikifanya kazi kama nilivyo

RASIMU YA BARUA, JARIBIO LA TATU

Tuna


11

Dondoo ya ripoti yangu ya utafiti, Februari, ukurasa wa 9:

"Kiolesura kilijaribiwa na wauguzi kumi na wawili (12) wa Kituo cha Afya Igululile. Wote kumi na wawili walikamilisha kuita msaada mara ya kwanza. Wastani wa alama za urahisi: 5 kati ya 5. Hakuna changamoto iliyobainishwa na washiriki."

Yaliyokuwa kwenye daftari langu siku hiyo, ambayo hayakuingia ukurasa wa 9:

Wametufagilia ukumbi. Wamechanga, wamenunua soda. Wameosha mikono kwa sabuni, wengine wamepaka mafuta. Mmoja alitoka wodini na glavu, wenzake wakamsuta kwa macho akaenda kuzivua. Mgeni hapokelewi na mikono ya kazini. Tumepewa kuku jogoo, mzito, kwa kuwa tumetoka mbali. Viazi debe moja.

Halafu chini, kwa mwandiko wa haraka:

glavu? — mama E.

Na mstari juu yake. Mstari niliukata mimi, usiku, kwenye nyumba ya wageni, jogoo akiwa chini ya kitanda. Ripoti ilitakiwa asubuhi. Niliwaza: mtu mmoja tu kati ya kumi na wawili, tena mwenyewe ametoa tano.


6 (kimerudishwa)

Video ya utafiti. 11 Februari. Ukumbi wa kituo. Dakika ya 3.

Pichani: Editha Mgaya ameketi mbele ya kifaa. Mikono inang'aa mafuta. Nyuma yake wenzake wamesimama kama wanapigwa picha ya harusi.

NAMSIFU: Sasa mama, bonyeza hapo, ushikilie.

(Duara linajaa. Kifaa kinatetemeka. Wote wanapiga makofi.)

EDITHA: Hee! Kinatetemeka kama kifaranga!

NAMSIFU: Umekionaje?

EDITHA: Kizuri. Ila mwanangu, na glavu je? Sisi mle ndani tuna glavu. Zile ndefu, mbili mbili.

NAMSIFU: Hilo tutaliangalia, mama. Swali linalofuata.

EDITHA: Maana na damu tena, kidole huwa

NAMSIFU: Tutaliangalia. Kwa alama moja hadi tano, tano ikiwa ni rahisi sana, ungekipa ngapi?

(Editha anamtazama Namsifu. Anamtazama jogoo aliyefungwa miguu karibu na begi. Mwenzake mmoja anakohoa.)

EDITHA: Tano.

NAMSIFU: Tano kabisa?

EDITHA: Haina shida, mwanangu. Tutazoea. Umetoka mbali.


12

FOMU YA RIDHAA YA MSHIRIKI
(niliitunga mimi, sentensi fupi, maandishi makubwa, kila mtu alisifu inavyosomeka)

Tunalinda faragha yako. Video yako itatumiwa kwa utafiti tu. Haitaoneshwa mahali pengine bila saini yako mpya. Itafutika yenyewe baada ya miezi sita.

Hesabu ni rahisi. Kumi na moja Februari, ongeza miezi sita. Kumi na moja Agosti. Kamati inakaa kumi na nne.

Nilimuuliza kijana wa seva kama anaweza kuizuia isifutike. Akasema anaweza, akipata saini ya mshiriki. Bila hiyo ni kuvunja sheria ya faragha. Akaniuliza, "Kwani mshiriki ana shida gani?"


13

Jumamosi, tarehe 9 Agosti, nilifika kwa Editha. Nyumba yake ni ya matofali, nyuma ya kituo, ukitokea bonde la viazi. Baridi ilikuwa imelala kwenye majani hata saa tatu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene," aliongeza salamu ya kwao. "Pita ndani, utaganda hapo."

Alinijua mara moja. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliweka chai ya rangi na viazi vya kuchemsha mezani, akakaa kumenya vingine, akaniambia kula kwanza. Nikala kimoja, nikakisukuma kwa chai.

Nikamweleza. Kwamba video ipo, inafutika Jumatatu, nahitaji saini yake. Kwamba nimekwisha kuiandaa: inaanza pale anapouliza habari ya glavu, inaishia pale ninapojibu kwamba tutaliangalia. Sekunde ishirini na mbili. Zinatosha kumtoa kwenye hatia na kuniweka mimi.

"Na zinazofuata?" aliuliza.

"Hizo hazina haja, mama."

"Pale nilipokupa tano."

Nikachukua kiazi kingine.

"Nioneshe yote."

Nikamwonesha. Alijitazama akipiga kelele za furaha kwa sababu ya kitu kinachotetemeka. Alijitazama akiuliza. Alijitazama akimtazama jogoo. Alipojisikia akisema haina shida, aliweka kisu mezani.

"Umeshakata mara moja, Namsifu," alisema. Hakuwa ameniita jina langu kabla ya hapo. "Unataka kukata tena?"

"Mama, ukiionesha yote watakugeuzia kibao. Watakuuliza kwa nini ulijua ukanyamaza. Watasema wewe ndiye uliyekipitisha."

"Si nilikipitisha?"

"Mama Editha, hiyo ilikuwa heshima tu. Ulikuwa unampokea mgeni. Mimi ndiye niliyelipwa kusikiliza."

"Mficha uchi hazai." Alitikisa kichwa. "Miaka thelathini nawaambia wajawazito. Panapouma sema, mimi si mwanamume, sema. Halafu mimi mwenyewe naona aibu kumwambia mtoto wa watu kwamba kitu chake hakifai. Kisa? Tumempa kuku! Ukishampa mtu kuku utamwambiaje chombo chake kibovu? Na wenzangu walijua, wote kumi na mmoja, tulicheka jikoni baada ya ninyi kuondoka. Tulisema, hawa hawajawahi kuona damu. Tukacheka, Namsifu."

Akalia. Mtu mzima yule alilia na kiazi kimoja mkononi, nikalia na mimi, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Baadaye alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma fomu yangu neno kwa neno. Alitia saini kwa kalamu ya wino. Chini yake akaongeza, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza majalada ya hospitali:

IONESHWE YOTE. ISIKATWE.


14

TANGAZO
Ukumbi wa mikutano utatumika na Kamati ya Uchunguzi leo Alhamisi. Kliniki ya wazee imehamishiwa Ijumaa. Samahani kwa usumbufu.


15

Kwenye meza ya mbele watu watano na chupa tano za maji. Editha kwenye kiti peke yake, amevaa kitenge, sare alishaikabidhi. Mimi na Lutengano upande wa kampuni. Kwenye mstari wa mbele wa wananchi alikaa Bi. Yusta Mbilinyi, mama mkwe wa Faraja, na mtoto mgongoni. Mtoto ana wiki tatu na siku mbili. Kila alipoguna, ukumbi mzima ulinyamaza.

Mwenyekiti aliomba barua ya kampuni. Lutengano alinitazama. Alidhani ninayo kwenye begi.

Nilisimama nikasema sina barua, nina video. Lutengano alisema kwa sauti ya chini, "Namsifu, keti." Siyo kwa hasira, kwa kunihurumia, na hilo ndilo lililonikera. Nikachomeka waya.

Iliwashwa ukutani. Yote, dakika nne na sekunde kumi. Makofi ya Februari yalisikika ndani ya ukumbi ule ule wa Agosti, na watu waliokuwa nyuma wakajiona wakipiga makofi, wakainamisha vichwa. Nikaeleza rosela. Nikaeleza ile mibonyezo arobaini na ile mitatu. Nikaeleza kwamba mfumo hauandiki mibonyezo isiyokamilika, na aliyeamua hivyo ni mimi, na aliyelifuta swali la glavu kwenye ripoti ni mimi.

Mwenyekiti alivua miwani. Alimgeukia Editha, akamwambia, "Mama Mgaya, pole." Alisema pole mbele ya watu wote, na nyuma mtu mmoja akasema "afadhali" na mwingine akaanza kulia, na kwa muda kidogo, sitadanganya, nilijisikia mwepesi. Nilifikiri: imekwisha. Amepona huyu.

Ndipo Bi. Yusta aliposimama.

Hakuomba ruhusa. Alimkaza mtoto mgongoni, akasogea mpaka ukutani, palipokuwa pamesimama picha ya mwisho, Editha akitabasamu.

"Hii ni lini?"

"Februari, mama," nikasema. "Tarehe kumi na moja."

Alihesabu kwa vidole.

"Februari Faraja alikuwa na miezi minne. Ndiyo kwanza alikuwa ameniambia." Alimtazama Editha. Akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia. "Kwa hiyo tangu miezi minne, mlijua?"

Editha alifungua mdomo.

Mimi nilifungua mdomo.

Mwenyekiti akasema, "Katibu, swali liandikwe."


16

MUHTASARI WA KIKAO (rasimu)

4.6 Mwenyekiti alitoa pole kwa Ndugu E. Mgaya.

4.7 Bi. Y. Mbilinyi aliuliza iwapo Ndugu E. Mgaya na Ndugu N. Mkwizu walijua.

4.8 Wahusika walitakiwa kujibu, mmoja baada ya mwingine.

4.9 Jibu: